Aliyemlisha Rachelle

Homa ilimshika Rachelle Alhamisi jioni baada ya Pasaka, nusu saa tu tangu chupa ya dripu iunganishwe. Kwanza alisema anasikia baridi. Mama yake, Mama Agnès, akamfunika blanketi, akaongeza kitenge chake mwenyewe, akamkumbatia miguu ili kuipasha moto. Haikusaidia. Kitanda kizima kilikuwa kikitetemeka, hata chupa iliyoning'inia kwenye chuma ikawa inagongagonga, na mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kusali rozari bila kuombwa na mtu. Hapo Mama Agnès akajua kwamba jambo alilokuwa akiliogopa kwa miezi minne limefika, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelifungulia mlango.

Muuguzi, Tata Ngeleka, hakupiga kelele wala hakukimbia. Alifunga mrija, akaiondoa chupa na kuiweka kando, akainama karibu na uso wa Rachelle. "Sikia, mama mudogo. Baridi itapita. Pumua polepole." Kisha akatoka kumwita daktari.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mwembamba, mwenye kucha safi kuliko za bibi harusi. Alizaliwa hapa hapa Kolwezi, lakini baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na mwaka ule wa kufukuzwa Wakasai hilo lilitosha. Nyumba yake ilikwisha kuchukuliwa na watu ambao zamani walikuwa wakija kuazima chumvi. Wiki ya tatu sasa alilala kwenye gare, stesheni ya treni, pamoja na mke wake Kabedi na mamia ya Wakasai wengine, wakingoja treni ya kuwapeleka huko kulikoitwa kwao. Kila alasiri aliosha mwili kwenye bomba la gare, akalitoa koti lake jeupe kwenye mfuko wa plastiki, akaja hospitali kwa miguu kumuunganisha Rachelle kwenye chupa yake ya chakula, na kila asubuhi kumfungua, kwa sababu hakuna mwingine kati ya wauguzi waliobaki aliyethubutu kuugusa mrija ule. Mji mzima ulikuwa unamfukuza, isipokuwa kitanda kimoja.

Aliporudi na habari kwamba daktari anamaliza upasuaji wa mtu mwingine, alimkuta Kalumba amesimama miguuni pa kitanda. Kalumba alikuwa kaka mkubwa wa Barnabé, mume wa Rachelle. Alikuwa ametoka mgodini Mutoshi moja kwa moja, buti zikiwa na udongo, kuja kumwangalia shemeji yake. Barnabé alikuwa nyuma yake, ameshika kofia.

"Umemulisha nini?" Kalumba aliuliza.

"Ile chupa docteur aliandika, tata. Kama kila siku."

"Mi sikuulize docteur. Ninakuuliza we. Umemulisha nini?"

Kulisha ni neno jema. Mama humlisha mtoto, mwenye mbuzi huwalisha mbuzi wake. Lakini lina upande wake wa pili, na wodi nzima iliujua: kumlisha mtu ni kumtilia sumu. Bahati mbaya nyingine ilikuwa ukutani, juu ya kitanda. Kwa miezi minne kulikuwa na ubao mdogo ambao Ngeleka mwenyewe aliuandika kwa chaki, ili wageni wasimletee mgonjwa chakula: HUYU ANALISHWA NA NGELEKA TU.

Kalumba akaunyoshea kidole. "Ameandika yeye mwenyewe. Hata haogope."

Barnabé hakuwa mtu mbaya. Alikuwa karani wa stoo katika kampuni ya mgodi, mtu wa kuhesabu nati na bolti, na tangu mgodi ulipoporomoka na kazi kuanza kufa, alikuwa anazidi kuwa mdogo kila mwezi. Aliitazama kofia yake. "Tata Ngeleka," alisema, "pengine kesho usirudie."

Ngeleka alimtazama Barnabé, kisha akamtazama Mama Agnès. Alimtazama kidogo tu. Mama Agnès akainamisha uso, akaanza kunyoosha blanketi ambalo halikuwa na mkunjo. Alisikia koti likivuliwa, mfuko wa plastiki ukikunjwa, na viatu vikienda.

*

Ukweli ulikuwa huu. Mwezi wa kumi na mbili matumbo ya Rachelle yalijisokota, yakaoza ndani, na Daktari Mukalay akalazimika kuyakata. Kati ya mita sita akamwachia chini ya moja. Hicho kipande kilichobaki, daktari alisema, kinaweza kujifunza kufanya kazi ya yote, lakini kinahitaji muda, pengine miezi minane. Wakati kinajifunza, Rachelle asile wala asinywe, na chakula chake kiingie moja kwa moja kwenye damu. Kwa hiyo akamwekea mrija laini mweupe. Ulianzia kifuani, ukapita chini ya ngozi mpaka kwenye mtulinga, na hapo ukaingia katika mshipa mkubwa.

Mama Agnès aliogopa mrija ule kama nyoka. Ngeleka, kwa huruma yake, alitafuta neno la kumtuliza. "Mama, kinywa ya juu inapumuzika kwanza. Hii njo kinywa yake ya sasa." Neno hilo lilimwingia. Alikuwa amelea watoto sita. Kama kuna kitu alichokijua duniani, ni vinywa.

Usiku wa Pasaka, padri alibariki maji kwenye pipa nje ya kanisa, na Mama Agnès akajaza chupa ndogo iliyowahi kuwa ya dawa ya kikohozi. Kila Pasaka, tangu Rachelle hajaota meno, alimdondoshea matone matatu mdomoni, moja la Baba, moja la Mwana, moja la Roho Mtakatifu. Mwaka huu daktari amekataza kitu chochote kupita mdomoni, na Mama Agnès alikuwa mtu wa kutii. Jumapili mchana, wauguzi wakiwa mezani, aliinua bandeji. Aliona ngozi imepakwa rangi ya kahawia. Ni dawa, lakini yeye aliona uchafu. Akaipangusa vizuri kwa ncha ya kitenge iliyoloweshwa maji ya baraka. Kisha akafungua kofia ya mrija, akadondosha matone matatu, akafunga. Alirudi nyumbani siku hiyo mwepesi, akiimba. Kwa mara ya kwanza katika miezi minne alikuwa amemtia mtoto wake kitu kinywani.

*

Ijumaa asubuhi Daktari Mukalay aliondoa bandeji. Kutoka kwenye tundu la kifuani hadi karibu na mtulinga, ngozi ilikuwa imevimba na kuwa nyekundu mstari mzima. Aliposukuma kwa kidole juu, usaha ukatoka chini. Rachelle aliuma shuka.

Daktari aliwatoa Barnabé na Mama Agnès kwenye veranda. Alikuwa mtu mkavu wa maneno, na macho yake yalionyesha ana siku nyingi hajalala vizuri.

"Dawa peke yake haitaweza," alisema. "Usaha iko mu njia yote ya ile mupira ya kifua, na microbe inaingia mu damu kila tukimupa chupa. Leo naitoa. Nitapasua ile njia, nitaiosha, nitaiacha wazi, ipone kutoka ndani. Homa ikitoka, siku tano, sita, mutu anaweza kuweka ingine upande wa kushoto."

"Iko ingine?" Barnabé aliuliza.

"Iko moja. Ya mwisho. Lakini sitaiweka."

"Juu ya nini, docteur?"

"Juu nani ataichunga? We?" Hakusema kwa ubaya, alikuwa anauliza kweli. "Kuiweka ni saa moja. Kuichunga ni kila siku, asubuhi na magaribi, miezi. Ngeleka aliichunga miezi ine bila homa hata moja. Hapa nimebakia na ma-infirmier tatu kwa bagonjwa makumi nane. Nikiiweka bila mukono wa kuichunga, ninamuua muke yako polepole. Alafu batasema tena ni nani alimulisha?"

"Na bila mupira?"

"Tutamupa maji ya sukari mu mukono. Siku kumi. Pengine kumi na mbili."

Barnabé aligeuka akauangalia ukuta. Mama Agnès alitaka kusema. Alifungua mdomo, lakini daktari alikuwa amekwisha kuondoka, na kwenye ngazi walikuja ndugu wa Barnabé, Kalumba mbele, wakiuliza kama Mkasai amekamatwa. Akaufunga tena.

*

Rachelle alirudishwa kutoka chumba cha upasuaji saa nane. Kifuani, mahali pa mrija, palikuwa na mfereji mrefu kama kidole cha kati na nusu, umejazwa shashi. Homa ilikuwa imeshuka. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, lakini kwa kukonda alirudi kufanana na yule msichana wa komunyo ya kwanza, na Mama Agnès alishindwa kumtazama.

"Mama," Rachelle aliita, "kaa."

Alikaa.

"Kuko kitu nataka kukuambia," Mama Agnès alianza, na machozi yakamtangulia. "Ile homa. Si Tata Ngeleka. Ni mi."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Sikuwa nalala, Mama. Siku ya Pasaka. Nilikuona."

"Na hukunikataza? Tata Ngeleka alikuambia mutu asiiguse. Alituambia sisi yote."

Rachelle alimgeuzia uso. Midomo yake ilikuwa imekauka, na mama yake alijua hairuhusiwi kuilowesha.

"Tangu noeli unakaa tu pa kiti ile," alisema. "Hunipikie, hunilishe, unaniangalia tu. Siku ile uso yako ilikuwa muzuri. Nikasema, acha afanye. Nami pia nilitaka ile maji."

Walishikana mikono. Mama Agnès alilia kwa kweli, bila haya, mbele ya kitanda cha pili na cha tatu. Alilia kwa sababu amesamehewa kabla hajaomba, jambo ambalo ni zito kuliko kukaripiwa. Rachelle akamwacha alie, kisha akasema, "Sasa enda umutafute. Mbele treni ije."

*

Kwenye gare watu walikuwa wametandaza maisha yao sakafuni: magodoro, sufuria, cherehani, mlango mzima wa nyumba ambao mtu fulani aliung'oa ili asiwaachie waliomnyang'anya. Vijana waliokuwa wakirandaranda nje ya uzio waliwaita wale watu bilulu, wadudu, na kulitamka neno hilo bila hasira, kama watu wanaotaja jina la kawaida. Mama Agnès alipita katikati yao. Mmoja alimwambia, "Mama, we ni wa kwetu, unaenda wapi mule?" Akaingia ndani ya uzio.

Alimkuta Kabedi kwanza, ameketi juu ya sanduku, anapepeta mchele uliokuwa na mawe mengi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Mama Agnès alimsalimia, akasema yeye ni nani. Kabedi hakumkaribisha kuketi.

"Jana walikuja hapa," Kabedi alisema, "vijana kumi. Walikuwa natafuta infirmier mwenye kulisha watu. Tulimulaza chini, tukaweka magodoro mbili juu yake na batoto batatu. Alikaa mule saa mbili. Mutu wa miaka makumi tano."

Ngeleka alitokea kutoka nyuma ya rundo la mizigo. Shati lake lilikuwa limekunjamana, lakini mikono ilikuwa safi vile vile. Mama Agnès alipiga magoti kwenye simenti, akaeleza yote, bandeji, kitenge, kofia, matone.

Kwanza Ngeleka aliuliza maswali kama yupo kazini. "Matone ngapi?"

"Tatu."

"Ile maji ilitoka wapi?"

"Mu fût, ile pipa ya kanisa."

Alifumba macho. Alipoyafumbua hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Mama Agnès zaidi. "Ni mi nilikuambia kinywa," alisema. "Nilitafuta neno moja nyepesi. Kinywa njo mahali pa kutia. Ungefanya nini ingine?"

"Usijichukulie," Kabedi alimkatiza mume wake. "Kosa yako ni ya neno. Yake ni ya kunyamaza. Siku ile ananyamaza, wewe ulikuwa chini ya godoro." Akamgeukia Mama Agnès. "Mutoto yako atakufa kama haende?"

"Atakufa."

"Na hapa unasema vizuri. Lakini hapa batu yote wanajua hakumulisha mutu. Neno yako hapa haina kazi. Uende uiseme kule ulikaa kimya. Mbele ya wale."

"Nitaisema."

"Mbele ya ule shemeji?"

"Mbele ya Kalumba."

Kabedi alimpima kwa macho kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akafungua sanduku, akatoa koti jeupe. Lilikuwa limefuliwa na kunyooshwa kwa mikono, kwa kuwa pasi ilikwisha kuporwa. "Na treni ikifika, we ukiwa kule?" alimuuliza mume wake. "Nitapanda na nani?"

"Utatuma mutu. Nitakuja mbio."

"Tangu lini we unajua mbio," Kabedi alisema, akamfunga vifungo vya koti kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.

*

Kalumba na vijana sita walikuwa kwenye lango la hospitali. Walipomwona Ngeleka walisimama. Mmoja aliokota kipande cha tofali, akakishika tu, bila kukinyanyua.

Mama Agnès alitembea mbele. Alikuwa mwanamke mfupi, na sauti yake kwa kawaida haikuvuka chumba. "Kalumba," alisema, "uliuliza nani amemulisha Rachelle. Mi njo nilimulisha."

Alitumia neno lile lile, na kila mmoja aliusikia upande wake mbaya. Kalumba alikunja uso.

"Mama, huyu amekutisha?"

"Hakuna mutu amenitisha. Siku ya Pasaka nilifungua mupira yake, nikatia maji ya baraka. Ikaleta microbe. Ngeleka hakukuwa pale. Mi nilinyamaza, mukamutafuta mpaka gare, na mi niko nanyamaza tu."

Kalumba alikuwa mkristo, aliyebeba msalaba kwenye maandamano ya Ijumaa Kuu, na hapo ndipo aliposhindwa. "Maji ya padri haiwezi kuleta ugonjwa," alisema. Ilionekana wazi kwamba kwake ilikuwa rahisi kuamini ubaya wa Mkasai yeyote kuliko kuamini ubaya wa maji yale.

Mama Agnès alikuwa amelifikiria hilo njia nzima. "Baraka haina kosa," alijibu. "Pipa njo ilikuwa na kutu."

Kijana mwenye tofali alicheka kidogo, akajizuia. Kalumba aliangalia buti zake. Hakuomba msamaha, watu wengi hawakuuomba mwaka ule, na wengine hawajauomba hadi leo. Lakini alisogea hatua moja upande, na nafasi ikapatikana ya mtu mmoja kupita.

Barnabé alikuwa amesimama ndani ya lango, amesikia yote. Alitoka nje akapita mbele ya kaka yake, akanyoosha mkono, akaupokea ule mfuko wa plastiki wa Ngeleka, kama mtu anavyompokea mgeni wa heshima mzigo wake. Mfuko ulikuwa mwepesi, ndani yake mna sabuni na mkate. Aliubeba kwa mikono miwili hadi wodini.

*

Mrija wa mwisho uliwekwa Jumatano, upande wa kushoto. Ngeleka alisimama upande wa pili wa meza, mbele ya Daktari Mukalay, na daktari alisema baadaye kwamba kwa saa ile moja alisahau ni mwaka gani. Lakini kazi kubwa ya Ngeleka ilikuwa imekwisha kuanza Jumapili, na mwanafunzi wake alikuwa Mama Agnès.

Lilikuwa shauri la Ngeleka mwenyewe. "Ma-infirmier watabadilika, wataondoka," alimwambia daktari. "Mama haendi popote."

Alimkata kucha yeye mwenyewe, moja moja, kama mtoto wa shule. Alimwosha mikono mpaka viwiko, akamfundisha kuimba Salamu Maria tatu kimoyomoyo kabla ya kuzima bomba. Alimpa kipande cha mrija kilichofungwa kwenye mto, akamfanya afungue, apanguse kwa dawa, aunganishe, afunge, mara arobaini kwa siku. Mikono ya Mama Agnès ilikuwa mikono ya jembe, yenye sugu, na mwanzoni kofia ile ndogo ilimponyoka kila mara. Ikianguka, Ngeleka aliitupa na kusema tu, "Tunarudilia." Rachelle alikuwa akitazama kutoka kitandani, na mara mbili tatu alisikika akicheka.

"Hii ni nini?" Ngeleka alimuuliza Mama Agnès, ameshika mrija.

"Kinywa."

"Hapana."

"Mupira."

"Na inaenda wapi?"

"Mu damu."

"Kitu gani inaweza kuingia mule?"

"Ile imeandikwa na docteur. Hata mi, hata padri, hapana."

"Njo vile."

Siku ya tisa ya mafunzo, saa nne asubuhi, mwanamke mmoja alikuja kutoka gare amelowa mvua. Kabedi amemtuma. Treni imefika, watu wamekwisha kuanza kupanda, haitalala. Ngeleka alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Ilikuwa saa ya kumfungua Rachelle kwenye chupa ya usiku. Aliirudisha mikono yake nyuma ya mgongo, akaishikanisha huko. "Fanya, Mama."

Mama Agnès alinawa. Alifunga chupa, akapangusa, akafungua, akatia dawa ya kuzuia damu isigande, akafunga kofia, akabandika shashi mpya. Ilichukua muda mrefu, na Ngeleka hakuharakisha wala hakuangalia mlango. Alipomaliza, aliukagua mrija kwa karibu sana. Kisha akafuta ubao ule wa ukutani kwa kiganja, akaandika upya: MAMBO YA CHAKULA, ULIZENI MAMA AGNÈS.

Alimuaga Rachelle kwa kumwekea mkono kichwani. Barnabé alitaka kumsindikiza, lakini Ngeleka alimwambia abaki na mke wake. Mama Agnès ndiye aliyefuatana naye hadi langoni, chini ya mvua.

"Kule munaenda, ni mugini gani? Nitume habari ya Rachelle."

"Sijue, Mama. Mi nilizaliwa hapa. Sijafika hata siku moja. Watatushusha mahali, tutaona." Alisita, akapangusa maji usoni. "Kuko kitu moja. Mama yangu analala hapa, mu cimetière, kwenye makaburi, karibu na ukuta ya mwisho. Tshilombo, jina imeandikwa. Nilikuwa namungolea majani kila Toussaint, mwezi ya kumi na moja. Sasa anabaki yeye peke yake."

"Nitamuangalia."

"Si lazima maua. Kungoa majani tu."

Mama Agnès alitaka kumwambia mengi, lakini mtu hana muda wa kushukuriwa treni ikimngoja. Alimwona akianza kwenda, kwanza kwa hatua, kisha mbio, akikimbia vibaya kama Kabedi alivyosema, koti jeupe limeloa na kumng'ang'ania mgongoni.

*

Mrija ulitolewa mwezi wa nane, haukuwahi kuleta homa hata moja. Kilichobaki cha matumbo ya Rachelle kilikuwa kimejifunza. Alianza na kijiko cha uji, kisha vijiko vitatu, kisha kitonge cha bukari, ugali wa huko, na samaki aliyetolewa miiba na mama yake. Barua haikuja kutoka Kasai, wala wao hawakujua pa kuandikia.

Tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja walikwenda makaburini wawili tu, na jembe moja. Safu ya karibu na ukuta wa mwisho ilikuwa yote imefunikwa na majani ya kimo cha mtu, kwa kuwa makaburi mengi ya pale yalikuwa ya Wakasai, na wenye kuyalimia walikuwa wamekwenda na treni. Iliwachukua saa nzima kulitafuta, wakisoma majina ya watu wasiowajua na kuyatamka kwa sauti. Tshilombo alikuwa wa tatu kutoka mwisho, chini ya msalaba wa chuma uliochomelewa na mtu aliyejua kazi yake.

Mama Agnès alilima. Rachelle, ambaye bado alichoka upesi, alikaa kwenye ukingo wa simenti akala kiazi kitamu alichokifunga kwenye karatasi, akitafuna polepole kama alivyoagizwa. Mama yake alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni. Asingechoka kumtazama akitafuna.

Palipokuwa safi, Mama Agnès alisimama mbele ya msalaba, jembe mkononi. Huwezi kufika kwa mzee wa watu, ukamlimia kiwanja, ukaondoka bila salamu.

"Kwao banasalimia namna gani?" aliuliza.

Rachelle alimeza kwanza. "Tata Ngeleka kila akiingia, kama hakuna mutu, alikuwa ananisalimia na kiluga yao. Alisema 'Moyo'."

"Moyo?"

"Njo 'jambo' yao. Na mukubwa kama huyu unamuambia 'Moyo, mamu'."

Mama Agnès aliweka jembe chini. Alipangusa mikono kwenye kitenge, pande zote mbili, akakaribia.

"Moyo, mamu," alisema.